Dagaa wa kuku, dagaa wa kula: mwaka wangu wa kwanza wa kupanga bidhaa mtandaoni

"Dada, hawa dagaa mliwavua au mliwafukua?"

Ndivyo ulivyoanza ujumbe wa sauti kutoka Dodoma, saa mbili usiku, mwiko ukiwa mkononi. Mama mmoja alikuwa ameagiza kilo 3 kwenye duka langu la mtandaoni, akalipa, mzigo ukapanda basi stendi ya Nyegezi hapa Mwanza, ukafika salama. Akachambua, akaosha maji matano, akaunga na nyanya. Mchanga bado ukawa unalia menoni na nyama ikawa chungu. Mume wake alisukuma sahani bila kusema neno, na mimi nawajua wanaume wa namna hiyo.

Nilimsikiliza mara mbili, kisha nikafungua orodha ya oda. Hakukosea. Aliagiza bidhaa iliyoandikwa "Dagaa Daraja la Pili", Sh 4,000 kwa kilo, na ndiyo niliyomfungia. Kwa mtu yeyote wa soko letu la samaki la Mwaloni, hao ni dagaa wa kuku. Walianikwa mchangani, mvua ikawanyeshea kabla hawajakauka, rangi ikageuka. Wanaenda kusagwa chakula cha mifugo, wala hakuna ubaya wowote, kuku wanawapenda. Lakini mtu wa Dodoma angejuaje? Niliogopa kuandika "dagaa wa kuku" kwa sababu niliona neno kuku litaharibu sura ya tovuti niliyoilipia. Halafu, kuongeza chumvi kwenye kidonda, picha yao ilikuwa ileile ya dagaa wa kula, bakuli lilelile jeupe, kwa kuwa siku ya kupiga picha nilichoka.

Nilimrudishia Sh 12,000 zake, nikamtumia kilo 3 za wale wazuri na nauli ya mzigo nikalipa mimi. Kosa halikuwa la mvuvi, la kondakta wala la mama wa watu. Lilikuwa kwenye kisanduku kidogo chenye picha, jina na bei, kitu nilichokuwa nakiona pambo tu.

Nirudi nyuma kidogo. Nauza mazao ya ziwa Kirumba, jirani na soko la Mwaloni, mwaka wa sita huu: dagaa, sato wa kukausha, kayabo (sangara wa chumvi), na kamongo mara mojamoja. Wateja wengi wa nje ya Mwanza nilikuwa nawapata WhatsApp. Kila siku maswali yaleyale, kila siku majibu yaleyale, mpaka naingia kitandani simu ikiwa mkononi. Mdogo wangu ndiye aliyenishawishi mwaka 2023: fungua tovuti, weka bidhaa na bei, watu wajisomee wenyewe, wewe upumzike. Hilo la kupumzika bado namdai.

Nikapata kijana aliyemaliza chuo, anakaa Malimbe. Kazi tulikubaliana Sh 450,000. Jina la tovuti lenye .co.tz pamoja na nafasi ya kuihifadhi vilinigharimu kama Sh 150,000 kwa mwaka. WordPress na WooCommerce, ambazo ndizo injini ya duka, hazilipiwi. Kinacholipiwa ni themu, yaani sura ya duka, na tulinunua moja kwa dola za Marekani ambazo kwa shilingi zilikaribia Sh 160,000. Kwa hiyo kabla sijauza hata dagaa mmoja, Sh 760,000 zilikuwa zimeondoka, na pesa hiyo ilikuwa mtaji wa magunia.

Kijana akaniuliza, "Dada, unataka duka lako lifanane na lipi?"

Hapo ndipo nilipopotea. Nikamwonyesha duka la nguo la nje ambalo nilikuwa nalipenda, picha kubwa, maandishi machache, meupe yote. Akalitengeneza, tena kwa ustadi. Ukipitisha kipanya juu ya picha, inageuka na kuonyesha picha ya pili. Nilifurahi kama mtoto. Siku tatu baadaye nikajiuliza: mteja wangu gani ana kipanya? Wote wananunua kwa simu. Kidole hakipiti juu ya picha, kidole kinabonyeza. Ile picha ya pili, yenye kuonyesha uzito kwenye mizani, haikuonwa na mtu.

Nguo ikiwa nzuri pichani mtu ananunua. Dagaa hawanunuliwi hivyo. Mtu akija kibandani anachota kiganja, ananusa, anavunja mmoja kusikia kama anakatika "kwa", anamtia mdomoni. Tovuti haina pua wala meno. Kila alichokuwa anakifanya kwa vidole, mimi natakiwa nikijibu kwa maandishi na picha ndani ya kisanduku kisichozidi upana wa vidole vitatu. Hili sikulijua wakati huo. Nililijua baada ya Dodoma.

Tulifungua tukiwa na bidhaa 14. Wiki tatu za kwanza nilipata oda mbili, na moja ilikuwa ya shemeji yangu aliyetaka kunitia moyo. Nikawa nawalaumu watu, nasema Watanzania hawajazoea kununua mtandaoni. Siku moja nikakaa na wifi yangu Igoma, nikamwomba afungue duka kwa simu yake, si yangu. Tulingoja. Tukangoja. Picha zikawa zinashuka kipande kwa kipande kama pazia. Wifi akasema, "Hii inakula bando, wifi," akaifunga.

Picha zangu nilizipiga kwa simu na kila moja ilikuwa na zaidi ya MB 4. WordPress yenyewe hutengeneza nakala ndogo za kila picha unayopandisha, lakini kijana, ili picha zionekane kali, alikuwa ameagiza kisanduku kichukue picha kamili. Picha 14 za namna hiyo ni kama mtu anapakua filamu fupi ili ajue bei ya sato. Sasa hivi nazipunguza kabla ya kuzipandisha: upana pikseli 800, aina ya WebP, uzito chini ya KB 100. Macho ya mteja hayaoni tofauti, bando lake linaiona.

Tukiwa hapohapo kwa wifi nikaona aibu nyingine mbili. Ya kwanza ni bei. WooCommerce ikiachwa ilivyo huandika senti, hivyo kilo ya dagaa ilisomeka Sh 9,500.00. Mama mkwe, aliyekuwa pembeni anapepeta mchele, aliisoma kama laki tisa na nusu, akashtuka kwa haki kabisa. Kuondoa hizo sifuri ni kuingia kwenye mipangilio ya jumla na kuweka idadi ya desimali kuwa 0. Sekunde kumi. Zilikaa pale mwezi mzima.

Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Bidhaa yenye vipimo kadhaa, mathalani nusu kilo, kilo 1, kilo 5 na kilo 20, huonyeshwa kwa bei ya chini na ya juu pamoja. Kisanduku cha dagaa kilisema "Sh 5,000 – Sh 180,000". Mimi nilielewa. Wifi akauliza, "Sasa hapo mnapatana?" Alidhani ni bei ya kuanzia majadiliano. Kuna mama mwingine aliniandikia akiuliza kwa nini dagaa wangu ni laki moja na themanini. Tulibadilisha ikawa "Kilo 1: Sh 9,500", na chini yake kwa herufi ndogo, "kuna nusu kilo hadi kilo 20". Kilo moja ndiyo watu wanayoibeba kichwani kulinganishia. Bei ya kilo ikikaa wazi, hesabu nyingine watapiga wenyewe.

Sato nao walikuwa na msiba wao. Sato ni mrefu, na nilimpiga picha amelala ubavu kama wavuvi wanavyomwonyesha. Duka hukata picha zote ziwe mraba, na likakata. Katikati ya kisanduku kukabaki kipande cha tumbo, hakina kichwa wala mkia. Mtu wa Kanda ya Ziwa umwonyeshe samaki asiye na kichwa? Kichwa ndipo anapotazama mashavu na jicho kujua samaki alikaushwa angali mbichi au alikuwa ameshaanza kulegea. Mteja wa Tabora aliniuliza waziwazi, "Kichwa mmekificha kwa nini?" Upo mpangilio wa kuzuia picha zisikatwe kabisa, tuliujaribu, visanduku vikawa virefu na vifupi kama meno ya mzee. Mwishowe nilifanya kitu cha kishamba kilichofaa kuliko vyote: namlaza sato mshazari, kutoka pembe hadi pembe ya sinia. Mraba unamtosha mzima.

Hayo yalikuwa makosa ya macho. Lile la Dodoma lilinifanya nione kwamba hata maneno niliyaandika nikiwa sijawasikiliza watu. Kesho yake nilichukua daftari la mikopo, nikaligeuza nyuma, nikaanza kusoma mazungumzo yote ya WhatsApp ya miezi minne iliyopita. Usiku mbili. Kila swali la mteja nikaliandika, likijirudia natia mstari, kama tunavyohesabu magunia.

Swali lililoongoza kwa mbali: "Wana mchanga?" La pili: "Sado bei gani?" La tatu: "Wa lini hawa?" La nne: nauli ya mpaka kwetu ni kiasi gani na nani anaipokea. Kisha wakubwa au wadogo. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza kama dagaa wangu ni "Premium Gold", na hilo ndilo jina nililowapa, kwa herufi nene, juu kabisa. Nyota tano nilizoweka chini ya kila bidhaa hazikuulizwa. Historia ya biashara yangu, aya nne, haikuulizwa.

Nikakata ubavu wa katoni, nikachora kisanduku kwa kalamu ya wino mzito ukubwa wa skrini ya simu, nikaanza kupanga upya. Kijana wa Malimbe alipokuja nilimpa lile boksi. Akacheka, kisha akasema hiyo ndiyo michoro iliyo bora kuliko maelezo yote niliyowahi kumpa, kwa sababu mara ya kwanza nilimwambia tu "iwe ya kisasa".

Nilianza na mchanga, kwa kuwa ndio uliokuwa unanichoma. Dagaa wetu huanikwa kwa namna kuu tatu: juu ya mchanga wa ufukweni, juu ya majabali, au kwenye chanja, yaani vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Wa chanja hewa inapita chini na juu, wanakauka upesi na hawabebi mchanga. Nao ni ghali kuliko wenzao. Wa jabali wako katikati. Sasa chini ya jina la kila dagaa kuna mstari mmoja: "Chanja, hawana mchanga" au "Jabali, osha maji mawili". Hilo la kuosha maji mawili kijana alilipinga, akasema utajiharibia soko mwenyewe. Nikamwambia mteja ataosha tu, heri aoshe akijua. Wa jabali bado wanauzika vizuri, kwa wenye mama lishe hasa, na malalamiko ya mchanga yameisha.

Wa kuku wakapata jina lao. "Dagaa wa Kuku (si wa kula)". Tukawaondoa kabisa kwenye rafu ya vyakula, wana kundi lao peke yao, picha yao ni ya gunia limefunguliwa mdomo, na maneno "si wa kula" yanarudi tena mtu anapoweka kikapuni. Nilidhani mauzo yao yatashuka. Yalipanda, kwa sababu wafugaji walikuwa hawajui kama ninao. Nani angetafuta chakula cha kuku kwa jina la Daraja la Pili?

Suala la kipimo lilinichukua muda. Mjini kwetu dagaa huuzwa kwa sado, lile kopo la plastiki la rangi la lita 4, au kwa debe. Mimi niliweka kilo kwa sababu tovuti za watu zina kilo, na Wakala wa Vipimo wanataka mizani, wana haki. Lakini mteja aliyezoea sado akiona kilo hajui anapata kiasi gani, anaogopa kupunjwa, anafunga. Nikajaribu kutafsiri: nikapima sado tano za dagaa walewale kwenye mizani ya dijitali. Zikapishana kwa karibu robo kilo kati ya ile ndogo na ile kubwa! Aliyeshindilia na aliyemwaga tu si mamoja, dagaa wakubwa wanaacha mianya, wa msimu wa mvua wana maji zaidi. Pale ndipo nilipoelewa kwa nini ugomvi wa sado hauishi sokoni.

Kwa hiyo siandiki kamwe kwamba kilo fulani ni sado moja. Nauza kwa kilo, lakini picha ya pili ya kila dagaa ni sado tupu pembeni ya mfuko wa kilo moja, na ya tatu ni kilo hiyohiyo imemiminwa ndani ya lile sado, mteja aone imefika wapi. Picha inasema bila kuahidi. Na picha hizo sasa hazigeuki kwa kipanya, zimejipanga chini kwa chini, ukisogeza kidole unaziona.

Kuonyesha ukubwa niliweka kijiti cha kiberiti juu ya dagaa. Nilikuwa nimejaribu kuandika sentimita, hakuna aliyejali. Kijiti kila nyumba kipo. Na bakuli jeupe nililitupa, maana dagaa ni weupe wa kung'aa, juu ya cheupe wanapotea. Ungo wa kawaida, mwanga wa saa mbili asubuhi, mlangoni si juani, basi. Jua la mchana linawafanya waonekane kama vipande vya bati.

Kisha "wa lini hawa?" Hapa kuna jambo ambalo msomaji wa mbali huenda halijui. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za sola zimeenea. Taa inawavuta dagaa waje juu, wavu unapita. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haivuti kitu, mitumbwi mingi inapumzika. Giza likirudi, kazi inarudi. Kwa hiyo sokoni kwetu mzigo unafuata mwezi: giza dagaa tele na bei inashuka, mbalamwezi wanaadimika na bei inapanda. Masika ya Machi hadi Mei nayo yana yake, unaweza kuwa na dagaa wengi na usiwe na jua la kuwakaushia.

Duka la kawaida la mtandaoni halijui mwezi. Linajua "ipo" na "imeisha". Mwanzoni mbalamwezi ikifika bidhaa ilikuwa inaandika imeisha, mteja anadhani nimefunga biashara, harudi. Kijana aliniongezea sehemu ya ziada kwenye kila dagaa, ninayoijaza mwenyewe kwa simu, na inatokea kama lebo ndogo pembeni ya picha. Zipo tatu tu: "Wa giza hili", "Wa giza lililopita" na "Tunasubiri giza". Ya tatu ina kitufe cha kuacha namba, mzigo ukiingia nawapigia. Niseme ukweli, sehemu hii ndiyo ninayojivunia kuliko zote, na ndiyo watu wa Dar es Salaam wanayoniulizia kwa mshangao: kumbe dagaa wana kalenda?

Majina nayo. Wakenya wanaoagiza kupitia ndugu zao wa Sirari, mpakani, huwaita dagaa omena, Waganda mukene. Sangara kwa jirani zetu wa Kisumu ni mbuta, sato ni ngege. Hayo yote nimeyaweka kwenye maelezo marefu ya chini, siyo kwenye jina, ili anayetafuta kwa jina lake anifikie. Jina lenyewe likawa kavu: "Dagaa wa Mwanza, wa chanja, wakubwa". Gold imezikwa.

Usafiri nilimaliza kwa mstari mmoja: basi kutoka Nyegezi, nauli ya kilo 5 mpaka mikoa sita niliyozoea kutuma, mikoa mingine tunapiga simu. Malipo ni lipa namba na mitandao ya simu, hilo halikunisumbua.

Kabla ya kuonyesha watu tulifanya jaribio ambalo ningemwambia kila mtu alifanye hata kama halipi fundi. Nilimpa mama mkwe simu, nikamwambia, "Mama, nitafutie dagaa wasio na mchanga, kilo mbili, ujue utalipa ngapi." Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu, mkono unawasha kumwelekeza. Alibonyeza picha mara nne akitegemea ifunguke, kumbe tulikuwa tumeacha jina tu ndilo linalobonyezeka. Kitufe kilichosema "Weka kikapuni" alikiruka, akaniuliza, "Kikapu changu kipo wapi?" Tukabadilisha kikawa "Agiza". Baada ya watu wanne, yeye, wifi, muuza chapati wa jirani na mwenye bodaboda mmoja, nilikuwa na orodha ya marekebisho kumi na moja, na kijana alikuwa amenuna kidogo.

Ningependa kusema hapo mambo yakatulia. Wiki ya pili baada ya duka jipya, usiku, dashibodi ikanionyesha alama nyekundu kwamba themu ina toleo jipya. Nikabonyeza sasisha, kama ninavyosasisha programu za simu. Asubuhi nikaamka na duka la nguo. Nyota tano zimerudi, lebo za giza hazipo, mstari wa chanja haupo, visanduku vyeupe kama siku ya kwanza.

Nililia, sitaficha. Kijana alikuwa amebadilisha mafaili ndani ya themu yenyewe, likiwemo lile liitwalo content-product.php ambalo ndilo huchora kisanduku kimoja kimoja, na toleo jipya likaja na mafaili yake likafuta yetu. Njia inayotakiwa ni kutengeneza themu mtoto, folda ya pembeni inayorithi sura ya mama yake, na mabadiliko yako yote yanakaa humo. Mama akisasishwa, mtoto haguswi. Nafuu tuliyoipata ni kwamba maelezo niliyojaza, mchanga, giza, vipimo, yalikuwa salama kwenye hifadhidata. Kabati la kuyaonyesha ndilo lililoyeyuka. Na bakapu, yaani nakala ya akiba? Hatukuwa nayo. Kulijenga upya kulinigharimu Sh 150,000 tulizogawana naye uchungu. Alitaka Sh 300,000, nikamwambia mdogo wangu, hili kosa lina wazazi wawili. Ukimwajiri fundi, kabla ya kulipa malipo ya mwisho mwulize swali moja: nikisasisha themu leo, nini kitapotea? Akisita, usilipe bado.

Pigo la mwisho lilikuwa la kache. Ili duka lifunguke haraka tuliweka plagini, programu ndogo ya nyongeza, inayohifadhi kurasa zilizokwisha kuandaliwa. Mbalamwezi ikaja, nikapandisha kilo kutoka Sh 9,500 hadi Sh 11,000. Ukurasa wa mbele ukaendelea kuonyesha bei ya zamani iliyohifadhiwa, lakini kikapu, ambacho hakihifadhiwi, kikasoma mpya. Mtu anaona 9,500, anaagiza, anafika kulipa anakuta 11,000. Wanne waliniandikia, mmoja akiniita tapeli mbele ya kundi la wanunuzi wa vyakula lenye watu wengi. Wote wanne niliwauzia kwa bei ya zamani, tofauti nikaimeza. Siku hizi kila nikigusa bei nafuta kache, kisha nafungua duka kwa simu ya mtu mwingine kuhakikisha.

Jumla, mwaka wa kwanza umenila kama Sh 1,050,000 ukiweka makosa yote. Oda sasa ni kati ya 25 na 40 kwa mwezi giza likiwa zuri, chini ya 10 likiwa baya. Siyo utajiri. WhatsApp bado inaleta zaidi, ila wanaokuja huko sasa wanatuma picha ya skrini ya bidhaa na kuandika "huyu, kilo tano", na mazungumzo yanaisha. Mama wa Dodoma ameshaagiza mara tatu. Mara ya mwisho aliongeza gunia la dagaa wa kuku, ana banda sasa, na kwenye maelezo ya oda akaandika, "Msichanganye."

Aliyebaki kunishinda ni kamongo. Wanaomla wanamtafuta kwa udi na uvumba, tena wanataka kumwona mzima, yule mrefu kama nyoka mwenye mapezi ya uzi. Wasiomla wakikutana na picha yake katikati ya sato wanaruka. Mteja mmoja wa Moshi aliniambia alidondosha simu. Nimemweka picha ya vipande, walaji wakasema huyo anaweza kuwa kambale. Nimemweka mzima, oda za sato zikapungua wiki hiyo, labda kwa bahati mbaya, labda siyo. Nimemshusha chini kabisa ya ukurasa, hakuna anayefika. Jana nimemtoa tena, mara ya tatu, na leo asubuhi mzee mmoja wa Musoma amenipigia kuuliza kama wameisha.